Kwa Niaba ya Wote

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo asubuhi kabla akina mama hawajamaliza kuanika. Wote saba wamekimbia kutoka uwanjani na mashuka mabegani, wakicheka na kulaumiana, nami nimesimama mlangoni na kalamu sikioni nisijue nimpokee nani kwanza. Mimi ni karani wa mapokezi katika kiwanda hiki cha kufulia. Mashuka na foronya za hospitali mbili na hoteli moja hupita mbele yangu, machafu yakiingia na masafi yakitoka, nami huandika.

Saa nne meneja mpya, ambaye sote tunamwita Madam, ametukusanya na kutangaza kwamba kuanzia leo kila barua inayokwenda ofisini iandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu wenye kampuni wako mbali na Kiswahili hawakijui. Ruhusa, udhuru wa kuugua, malalamiko, zote. Akina mama wakatazamana. Baadaye akanipa mimi peke yangu kijitabu cha misemo ya maofisini, akasema nichukue msemo mmoja na kuutungia sentensi kila siku mpaka mkono uuzoee. Ndiyo sababu ya daftari hili. Sentensi za Kiingereza nitaziandika kurasa za nyuma, na huku mbele nitaweka mambo yangu, maana nisipoyaandika hunikosesha raha.

Msemo wa kwanza kijitabuni ni "on behalf of". Kwa niaba ya.

Machi 5, Jumanne

Mvua. Sentensi kumi, zote sahihi. Madam amezitia alama ya vema moja baada ya nyingine.

Machi 8, Ijumaa

Leo msemo umefanya kazi ya kweli. Shangazi alihitaji ruhusa ya siku moja akapimwe macho. Nikaandika: "I am writing on behalf of my aunt," yaani naandika kwa niaba ya shangazi yangu, halafu sababu, halafu tarehe, halafu sahihi. Madam ameikubali bila kugusa hata nukta.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Alinichukua nikiwa na miaka sita, na mwaka huo huo akaanza kazi kwenye uwanja huu wa kuanikia. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na shule yangu yote imetoka kwenye kamba zile. Yeye ndiye kiongozi wa wale akina mama saba ingawa hakuna aliyempa cheo. Kiswahili anakisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kiingereza hajui hata neno.

Jioni, nyumbani, alinitaka nimsomee barua yake kwa Kiingereza hivyo hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi hapo nasikika mtu mkubwa." Kichwa kikanivimba. Sioni haya kusema.

Machi 14, Alhamisi

Mvua haijakatika. Mashuka hayakauki. Tumefunga kamba hadi ndani ya chumba cha pasi, tunapita chini yake tumeinama, na matone yanatuingia shingoni. Hoteli imepiga simu mara tatu.

Wiki hii nimeandika barua nne kwa niaba ya watu. Sasa hawaniiti jina langu, naitwa Bwana Niaba. Mama mmoja wa uwanjani, yule mcheshi mwenye sauti nene, leo amenisimamisha mlangoni akaniuliza kama naweza kwenda chooni kwa niaba yake, maana kunanyesha na choo kiko nje. Wenzake wamecheka mpaka wakakaa chini.

Machi 18, Jumatatu

Sentensi sitini na kitu. Mkono umeshazoea, siku hizi unaandika kabla sijafikiri.

Machi 21, Alhamisi

Madam ameniita saa tano. Mezani kulikuwa na tangazo kutoka kwa wenye kampuni, kurasa mbili za Kiingereza. Wamenunua mashine mbili kubwa za kukausha, na zikishafungwa, kazi ya uwanjani itapangwa upya. Wanataka barua moja kutoka kwa wafanyakazi kuonyesha kwamba wamelijadili jambo hilo na wamelikubali.

Akanipa tangazo, nikalipitia nimesimama. Akaniuliza, "Umeshaongea na wenzako?"

Swali hili nalirudia kichwani tangu mchana. Jibu lilikuwa bado. Ndiyo kwanza nilikuwa nalishika tangazo lenyewe. Lakini alikuwa ameshaninyoshea kalamu, na karatasi nyeupe ilikuwa mezani, na mimi nilitamani kuandika. Nikasema ndiyo, Madam, tumeongea.

Imenichukua dakika kumi. "On behalf of all the staff," kwa niaba ya wafanyakazi wote, nathibitisha kwamba tumeujadili mpango huu na tunaukubali. Madam akaisoma mara mbili. Akasema hata makao makuu hakuna anayeandika hivi. Nimetoka pale nikijiona nimerefuka.

Baada ya chakula cha mchana nimelisoma tangazo tena, safari hii nimekaa. Ukurasa wa pili, chini kabisa, wameandika kwamba kitengo cha kuanika kitafungwa na waliomo wataachishwa kazi. Waliomo ni saba. Wa kwanza kwenye orodha ya kitengo ni Shangazi. Nimejiambia labda watahamishiwa chumba cha pasi. Nimetafuta mahali palipoandikwa hivyo, sikupaona.

Machi 22, Ijumaa

Barua yangu imebandikwa ukutani. Madam ametoa nakala na kuiweka kwenye ubao wa matangazo, pale kwenye korido ambayo kila mtu hupita, iwe mfano wa barua nzuri. Akina mama wa uwanjani wanaipita wakienda kunywa chai na wakirudi. Hawajui inasema nini. Wanajua tu ni ya Bwana Niaba.

Machi 25, Jumatatu

Lile nililokuwa naliogopa limekuja mapema. Saa ya chai Shangazi amesimama mbele ya ubao, wenzake nyuma yake, akafuta mikono kwenye aproni akaniita. Akasema anataka kuisikia hii barua inayosifiwa. Nikaisoma kwa Kiingereza, haraka haraka. Akasema vizuri, sasa kwa Kiswahili.

Nikasema ni barua ya kuwashukuru wenye kampuni kwa mashine mpya. Yule mcheshi akaniuliza kama ni hayo tu, mbona mistari ni mingi. Nikamwambia Kiingereza hupenda kuzunguka. Wakacheka. Shangazi akaigusa karatasi kwa kidole pale chini, kwenye sahihi yangu, akawageukia wenzake. "Huyu nimemlea mimi," akasema.

Chakula cha jioni kimenishinda. Nimesingizia tumbo.

Machi 27, Jumatano

Mvua. Hakuna aliyeuliza kitu.

Machi 28, Alhamisi

Mvua. Hakuna aliyeuliza kitu.

Aprili 3, Jumatano

Mashine zimefika kwenye makasha ya mbao. Akina mama wamezizunguka wakizipapasa kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Halafu fundi wa umeme akaweka kiganja sakafuni, akatikisa kichwa. Sakafu imelowa, na maji na umeme havikai nyumba moja, hawezi kuzifunga mpaka mvua ziishe na chumba kikauke. Kila mtu amesikitika isipokuwa mimi. Mwezi mzima nimeilaani mvua hii, na kuanzia leo nataka inyeshe mwaka mzima.

Aprili 9, Jumanne

Nyumbani bati linavuja juu ya kitanda changu. Nimesogeza kitanda, nikaweka ndoo, nikashukuru.

Aprili 12, Ijumaa

Nimefanya ujinga. Jana nilifika kabla ya wote nikaibandua barua, nikaitia mfukoni. Siku nzima nikawa mwepesi. Leo nimekuta nakala nyingine, na Madam ameitia ndani ya karatasi ya plastiki na kuipigilia pini nne. Alidhani ya kwanza iliangushwa na unyevu. Ameniambia nisijali, anayo ya akiba.

Aprili 17, Jumatano

Nimekaa dirishani leo nikawatazama akina mama wanavyofanya kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka yote minne niliyokaa hapa. Kwangu walikuwa kelele tu za uwanjani. Sasa naona kila mmoja ana mwenzake. Shuka hukunjwa na wawili, wanakwenda mbele na kurudi bila kuambiana, na hawagongani. Kabla ya kukunja, Shangazi huliweka shuka shavuni, kwa sababu mikono iliyozoea maji haitambui tena unyevu, lakini shavu linatambua. Shuka la hospitali likirudi na unyevu, mgonjwa hulala kwenye baridi. Mimi niliandika kwa niaba ya watu hawa, na hata hili nilikuwa silijui.

Jioni Shangazi ameninywesha chai, akanyoosha miguu yake kwenye kigoda. Anasema mashine zikianza, kamba zitabaki za taulo na foronya tu, na magoti yake yatapumzika kidogo mwaka huu. Anadhani zimekuja kuwasaidia. Ameshapanga na wenzake watakavyopeana zamu. Ameniambia, kwa furaha kabisa, kwamba barua yangu ya shukrani ilikuwa ya haki. Nimefungua mdomo nimwambie. Nikasema chai imepoa.

Aprili 18, Alhamisi

Kesho nitamwambia.

Aprili 19, Ijumaa

Leo alikuwa na homa kidogo. Si siku nzuri.

Aprili 24, Jumatano

Nimekwenda kwa Madam. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi: kwamba ile barua ya mwezi uliopita, kuna jambo dogo ningependa kulirekebisha. Akaweka simu chini akanitazama kwa upole. Si mtu mbaya, ndilo tatizo. Angekuwa mbaya ningekuwa na wa kumlaumu. Akaniuliza kuna nini, nikasema hakuna, nilikuja kuomba kijitabu cha pili.

Nikitoka, nimemkuta dereva wa lori letu kwenye korido akingoja mzigo. Ni mzee asiyesema, salamu yake ni kuinua kidole kimoja. Alikuwa amekaa kwenye benchi na gazeti mapajani, lakini macho yake yalikuwa ubaoni. Nimejaribu kuchungulia gazeti ni la lugha gani. Akalikunja kabla sijaona.

Aprili 30, Jumanne

Jua. Saa mbili nzima bila hata wingu. Akina mama wamejaza uwanja wote, kamba kumi na nne, na yule mcheshi akaimba. Mimi nimekwenda kuitazama sakafu ya mashine. Fundi amekuja, ameweka kiganja sakafuni, amesema bado kidogo.

Mei 3, Ijumaa

Imenyesha tena. Nimefurahi, na nimejionea aibu jinsi nilivyofurahi, maana wameanua na kuanika mashuka yale yale mara tatu, na Shangazi amerudi nyumbani anashikilia ukuta.

Mei 7, Jumanne

Naandika haya usiku na sitayarudia kuyasoma. Itabidi yasomeke hivyo hivyo.

Nimerudi jioni nikamkuta Shangazi ametangulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, hajavua koti la mvua, na hakuwasha jiko. Akaninyoshea karatasi. Ilikuwa ni barua yangu, na plastiki yake. Ameibandua ubaoni mwenyewe, mchana, watu wakiona.

"Nisomee tena," akasema. "Kwa Kiswahili."

Nilijua nimefunguliwa mlango. Sitaki kujidanganya humu ndani pia: nilijua kabisa kwamba asingeniuliza mara ya pili bila sababu. Zaidi ya mwezi nimetafuta nafasi ya kusema, na hii hapa, ameniletea mkononi. Nikaitazama karatasi. Nikasikia sauti yangu ikisema ni ile ya kuwashukuru, Shangazi, kwa mashine.

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Dereva amenisomea jana," akasema. "Nikamwambia amekosea. Nikamwambia mwanangu alinisomea mwenyewe, mbele ya watu, basi wewe ndiye hujui Kiingereza. Nimemtukana mzee wa watu kwa ajili yako."

Nimelia. Mtu wa miaka ishirini na minane, nimepiga magoti sakafuni nikalia, nikamweleza yote, tangazo, dakika kumi, ukurasa wa pili. Alipoona nimemaliza aliniuliza jambo moja tu, kitu gani kilinifanya niogope kuwauliza. Nikamjibu ukweli, kwamba siku ile sikuogopa chochote. Halikunijia tu wazo la kuwauliza. Nadhani hilo limemuumiza kuliko uwongo. Amevua koti, amelitundika, akaingia chumbani kwake. Chakula hakuna aliyekula.

Mei 8, Jumatano

Nimeingia kwa Madam bila kugonga. Nimemwambia kwamba aliponiuliza kama nimeongea na wenzangu, nilimdanganya. Kisha akasema yeye aliituma barua ile kwa moyo mweupe, na kwamba kuna watu saba ambao jina lake sasa litakuwa baya kwao sawa na langu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Amewapigia wenye kampuni mbele yangu, akanipa simu niseme mwenyewe. Kiingereza changu chote kilinikimbia. Nilisema kwamba sikuwauliza, na kwamba hawajakubali, na nikarudia hayo mawili mpaka Madam akaichukua simu. Wamesema mpango usimame kwanza. Wanataka barua ya kila mmoja wa wale saba, kwa Kiingereza, si ya pamoja tena, ifike kabla ya Jumatatu.

Mei 9, Alhamisi

Nimekwenda uwanjani. Ardhi imekauka, vibanio vimetapakaa kila mahali. Nimesimama kati ya kamba nikawaambia wote kwa pamoja nilichofanya. Wengine walikuwa wameshasikia, wengine nimeona nyuso zikibadilika pale pale. Yule mcheshi hakutania. Ameniuliza kama kwenye lile tangazo mimi nilikuwa mmoja wa watakaoachishwa. Nikasema hapana. Akasema alitaka kujua tu, akaendelea kuanika.

Halafu wamebishana kuhusu nani aandike. Dereva anasoma vizuri, alifanya kazi bandarini miaka mingi, lakini kuandika hajajaliwa. Mwingine hakuna. Mwisho Shangazi akasema mimi ndiye nitakayeandika, ila mtu aseme maneno yake mwenyewe na mimi nisiongeze hata moja. Amelisema hilo akiwa amenipa mgongo, akifunga kamba.

Mei 10, Ijumaa

Jua tangu asubuhi. Fundi amesema sakafu iko tayari, Madam amemwambia angoje.

Wameketi mmoja mmoja mbele ya meza yangu ya mapokezi. Wa kwanza amesema habari za mwanawe aliye kidato cha pili. Yule mcheshi amesema anaweza kuendesha hizo mashine kama atafundishwa, kwani zina vitufe vinne tu, ameshavihesabu. Mwingine amezungumza dakika ishirini kuhusu mgongo wake, nimeandika yote. Kila barua inaanza na "I", mimi. Nilikuwa nimesahau jinsi neno hilo lilivyo dogo. Mara mbili mkono wangu ulitaka kuandika ule msemo mwanzoni, nikausimamisha.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Tangu Jumanne ananiambia pole na kazi, ananipakulia chakula, hakuna zaidi. Akakaa, akaweka mikono mezani.

"Andika," akasema. "Mimi sikuulizwa."

Nikaandika. Nikangoja. Nikamwambia aendelee, Shangazi, nafasi ipo.

"Sina zaidi."

Nilimsihi. Nikamwambia tutaje miaka ishirini na miwili, tutaje ile kazi ya shavu, hospitali zote mbili zinamjua, barua fupi hivi hawataielewa. Sentensi nilikuwa nazo tayari kichwani, nzuri, zingewagusa.

"Hayo ni yako," akasema. "Yangu nimeshasema."

Basi nikamwonyesha mahali pa sahihi. Akaandika jina lake herufi kwa herufi, bila haraka. Nikamsomea kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikifuata kwa kidole ili aone kwamba sikuruka kitu.

Akanishukuru, akaniita mwanangu, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote. Kisha akaitoa karatasi chini ya mkono wangu, akaipuliza wino ukauke, akatoka nayo nje kumtafuta dereva amsomee.